Namba ya Chasi na Betri Iliyoitwa Kiwandani



Somo letu la leo ni juu ya gari linalokwenda kwa betri, bila petroli wala dizeli. Usiseme upesi kwamba jambo hili haliwahusu watu wa milimani. Simu ya mkononi nayo ilikuwa ya watu wa mjini, na sasa iko mfukoni mwa muuza ndizi wa Kinole na mkulima wa kabichi wa Nyandira. Bodaboda za betri zimekwisha ingia Dar es Salaam. Kule Nairobi, kampuni ya teksi iitwayo Nopea Ride ilianza mwaka 2018 kubeba abiria kwa magari ya betri aina ya Nissan Leaf, ikaendelea mpaka ilipofungwa mwaka 2022. Magari ya namna hiyo yaliyokwisha tumika Japani yako sokoni, na mtu mwenye shamba la karafuu anaweza kuifikiria bei yake.

Kwa hiyo tujifunze mapema. Kiwanda kikigundua kosa kwenye betri, huwaita wenye magari wayarudishe yatengenezwe. Je, mwito huo unamfikiaje mtu wa Morogoro, aliyelinunua gari likiwa limekwisha tumika na mwingine ng'ambo ya bahari?

MJOMBA NA MPWA

Tutumie mfano. Watu wa mfano huu ni wa kubuni, lakini shughuli yao unaijua.

Kijana mmoja wa Kinole anaendesha bodaboda Morogoro mjini. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tangu hapo kijana anawaona abiria wakishuka stesheni ya Kihonda na mizigo yao, wanatafuta gari. Bodaboda haibebi mama mwenye watoto watatu na mabegi mawili. Akaanza kutamani gari dogo la teksi. Rafiki yake akamwonyesha kwenye simu picha ya Nissan Leaf. Rangi nyeupe, viti safi, na haliendi kituo cha mafuta hata siku moja.

Basi akapanda mlimani kwa mjomba wake. Kwa desturi ya Waluguru, kama ujuavyo, mashamba ni ya ukoo wa upande wa mama, na mjomba ana neno. Fedha zinazotakiwa ni za karafuu na pilipili manga za misimu mitatu. Siyo fedha za kuchezea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja na mvua. Kaa."

Kijana akaeleza. Mjomba akaishika simu, akaiangalia picha kwa muda mrefu.

"Gari zuri namna hii, mwenyewe kule Japani ameliuza kwa nini?"

"Mjomba, wenzetu wale huuza gari likiwa bado zima. Ndiyo kawaida yao."

"Sawa. Na hiyo betri yake, nani ameichungulia ndani?"

Kijana akanyamaza. Swali hilo la mjomba ndilo litakalotuongoza.

NDANI YA BETRI KUNA NINI

Betri ya gari la kawaida unaijua. Ni lile sanduku zito lenye risasi na maji ya asidi, la volti 12. Betri ya gari la umeme ni kitu kingine kabisa. Ile ya Nissan Leaf za mwanzo ina uzito wa kilo 300 hivi, imelazwa chini ya sakafu ya gari, na ndani yake mna seli 192. Umeme wake unazidi volti 300, wakati umeme wa nyumbani ni volti 230. Nyaya zinazoubeba zimevishwa rangi ya chungwa, makusudi, ili fundi akiziona aondoe mkono. Ukimwona fundi wa gereji ya mtaani anashika waya wa rangi ya chungwa kwa koleo huku anasema "hamna shida", chukua gari lako uondoke.

Sasa hiyo seli. Fikiri mikeka miwili iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, na kati yake kitambaa chembamba sana. Mkeka mmoja ni upande wa chanya, wa pili ni upande wa hasi. Chembe za lithiamu hupenya kitambaa kile, zikaenda upande huu wakati wa kuchaji, zikarudi upande ule wakati gari linatembea. Chembe zinaruhusiwa kupita. Mikeka yenyewe hairuhusiwi kugusana hata kidogo. Ikigusana, umeme wa seli hukimbilia mahali pamoja, pakachemka mpaka pakawaka. Seli moja ikiwaka huiunguza ya jirani, na ya jirani huiunguza ya tatu. Ndiyo maana kosa dogo kama unywele linaweza kuteketeza gari zima.

KUITWA KIWANDANI

Tutazame kisa cha kweli. Mwezi Novemba 2020, kampuni ya General Motors ya Marekani iliita magari yake ya betri aina ya Chevrolet Bolt yapatayo 68,000. Baadhi yalikuwa yameshika moto yakiwa yameegeshwa tu, hayatembei. Kampuni ikaweka programu ya kuizuia betri isijae zaidi ya asilimia 90. Haikutosha. Mwaka 2021 ikayaita tena, na safari hii ikaongeza Bolt zote zilizotengenezwa tangu mwanzo, jumla zaidi ya 140,000.

Kosa lilikuwa nini? Seli zilikuwa za kampuni ya LG ya Korea ya Kusini. Katika baadhi yake, kijiulimi cha bati cha upande wa hasi kilikuwa kimechanika, na kile kitambaa cha katikati kilikuwa kimejikunja. Makosa hayo mawili yakikutana katika seli moja, hapo ndipo penye hatari ya moto.

Betri mpya hazikuwa tayari kwa siku moja. Wakati wa kusubiri, wenye magari walipewa masharti. Wasijaze betri zaidi ya asilimia 90. Wasiiache ishuke mno, wabakize umeme wa kwenda kilometa 110 hivi. Wasichaji usiku kucha ndani ya banda la nyumba. Wakimaliza kuchaji, waegeshe nje. Baadaye wakaambiwa hata kwenye maegesho ya watu wengi waache nafasi ya mita 15 kati ya gari lao na la mwenzao. Hebu fikiri: umelipa fedha nyingi, umelipiga gari picha na watoto, halafu unaambiwa likae mbali na nyumba kama mgonjwa wa ndui.

Lakini waliotengenezewa hawakulipa. Wengi waliwekewa betri mpya au sehemu mpya za betri. Baadhi ya magari yaliyotoka baadaye yaliwekewa programu ya uchunguzi inayoishikilia betri kwenye asilimia 80 mpaka gari litembee kilometa 10,000. Oktoba 2021 LG ilikubali kubeba gharama mpaka dola za Marekani bilioni 1.9. Ndiyo thamani ya kitambaa kilichojikunja.

Kisa cha pili ni cha Korea ya Kusini kwenyewe. Kampuni ya Hyundai iliita gari lake liitwalo Kona Electric mwezi Oktoba 2020, ikabadilisha programu. Januari 2021 gari moja ambalo programu yake ilikwisha badilishwa likaungua katika mji wa Daegu. Februari 2021 kampuni ikaamua kubadilisha betri zenyewe, katika magari 82,000 hivi duniani. Ukishika kisa hiki, siku muuzaji atakapokwambia "lilishatengenezwa hilo", utajua la kumwuliza: lilitengenezwa lini, na walifanya nini? Walibadilisha programu au walibadilisha betri?

Hata Leaf, gari la kijana wetu, lina kisa chake. Mwaka 2024 Nissan iliita Leaf karibu 24,000 za miaka ya 2019 na 2020 zilizouzwa Marekani. Hatari yake ilikuwa betri kupata joto kali wakati wa kuchajiwa kwa mashine ya haraka. Wenye magari waliambiwa waache kutumia mashine za namna hiyo mpaka watakapotengenezewa. Siyo Leaf zote zilizoitwa. Ni za miaka ile, za soko lile. Kwa hiyo jina la gari peke yake halikuambii kitu.

Tusitishane bure. Katika zile Bolt zaidi ya 140,000, moto uliothibitishwa na kampuni wakati ule ulikuwa zaidi ya kumi kidogo. Gari kuitwa siyo kwamba litaungua kesho. Ni kwamba kosa limejulikana, na kulitengeneza ni juu ya kiwanda. Mimi nakipenda zaidi kiwanda kinachoita kuliko kinachonyamaza.

BARUA HAIVUKI BAHARI

Kampuni inapoita magari, huandika barua kwa mwenye gari aliyeandikwa katika daftari la serikali ya nchi ile. Mtu akihama nyumba, barua bado inaweza kumtafuta. Gari likihama nchi, mambo yanabadilika. Japani wanalifuta katika daftari lao kwa sababu limeuzwa nje. Hapa kwetu TRA inaliandika upya, linapata namba mpya na kadi mpya. Kiwanda hakina daftari la TRA. Hakijui kwamba gari lile sasa linapaki Kihonda. Barua, kama ilitumwa, ililetewa mtu ambaye gari alikwisha liuza.

Hili haliko kwa magari ya betri tu. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, ile inayofumuka mbele ya dereva wakati wa ajali, iliitwa kwa mamilioni duniani kote, kwa sababu mingine ilipasuka kwa nguvu na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi ndivyo vinavyoiharibu, na sisi hayo tunayo. Mwenye gari la petroli lililotoka Japani na yeye asome somo hili mpaka mwisho.

Je, hatuna wa kutulinda hapa? Tunao. Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kumlinda mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na usalama wa bidhaa umo katika sheria hiyo. Shirika la Viwango, TBS, linashughulika na ubora na ukaguzi wa magari yaliyotumika. Lakini ukaguzi wa kawaida unatazama breki, taa, matairi, usukani. Haufungui betri kuhesabu seli moja moja. Na yule wakala wa kampuni aliyeko Dar es Salaam, gari uliloagiza mwenyewe hakuliuza yeye. Usidhani atalitengeneza bure kwa sababu tu nembo ni ileile. Mwandikie umwulize kabla hujanunua. Baada ya kununua utakuwa unamwomba.

Kwa hiyo kama barua haiji kwako, wewe ndiye utakayekwenda kwenye barua. Na njia ya kuendea ni namba ya chasi.

KUISOMA NAMBA

Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Namba ya chasi iko kwenye kadi ya gari. Iko pia kwenye kibati, mara nyingi chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Tena imegongwa kwenye chuma cha bodi. Zote lazima zifanane. Zikitofautiana, acha kwanza habari ya betri. Hapo kuna neno la polisi.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani au Ulaya lina namba ndefu, alama 17, herufi na tarakimu zikiwa zimechanganywa. Katika alama hizo 17 hamna herufi I, hamna O, hamna Q. Ziliondolewa ili watu wasichanganye I na moja, wala O na sifuri. Ukiona duara katika namba ya alama 17, hiyo ni sifuri. Usibishane.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi. Kwanza alama za aina ya gari, halafu kistari, halafu tarakimu za gari lenyewe. Leaf za mwanzo zinaanza na ZE0. Zilizofuata zinaanza na AZE0. Umbo jipya, lililotoka mwaka 2017, linaanza na ZE1. Soma tena: Z, E, sifuri. Watu wengi huandika ZEO kwa herufi O, kwa kuwa mdomoni wanaitamka "zeo".

Ona hatari yake. Kampuni za magari zina kurasa kwenye intaneti ambako mtu anaandika namba ya chasi, akajibiwa kama gari limeitwa. Marekani idara ya usalama barabarani, NHTSA, ina ukurasa kama huo kwa magari ya soko lao, yale ya alama 17. Hakuna malipo. Kwa gari la soko la Japani unakwenda kwenye ukurasa wa kampuni wa Japani. Maandishi ni ya Kijapani, lakini mtoto wa sekondari mwenye simu atayageuza kwa simu ileile. Sasa mtu anaandika ZEO kwa herufi O. Anajibiwa: gari hilo halipo. Anafurahi. "Halimo kwenye orodha, basi ni zima!"

Kumbe hajaulizia gari lake. Ameulizia gari lisilokuwapo duniani.

Jibu la "halipo" siyo jibu la "halina mwito". Ukipata "halipo", rudi kwenye kibati, soma alama moja moja kwa sauti, mwenzako aandike, kisha mbadilishane. Hivyo ndivyo tulivyojifunza kuandika imla darasani.

Tuseme umeandika sawasawa na umejibiwa kwamba gari halina mwito uliobaki. Huenda halikuitwa kabisa, au liliitwa likatengenezwa. Yote mawili ni mema. Lakini liko jambo ambalo namba ya chasi haiwezi kulisema. Betri hutolewa ikahamishwa. Gari likipata ajali, bodi huenda chakavu, betri yake ikafungwa kwenye gari lingine. Hapo namba ya chasi inasema habari za betri ya zamani, na wewe umekalia betri nyingine. Sanduku la betri lina namba yake lenyewe, imebandikwa juu yake. Mwulize muuzaji: "Betri hii ndiyo iliyotoka nayo kiwandani?" Akijibu ndiyo, aandike.

Jambo hili linawahusu pia mafundi wa umeme wa jua wanaonunua vipande vya betri za magari ili wavitumie majumbani. Kipande hakina chasi. Ukipewa kipande kisicho na namba, hujui kilikotoka wala kilitolewa kwa sababu gani.

Kuna kitu kingine watu hukichanganya na mwito, nacho ni uchakavu. Kwenye kioo cha dereva cha Leaf kuna vipande 12 vidogo pembeni vinavyoonyesha uwezo wa betri. Betri ikizeeka vinapungua, 11, 10, 9. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, na joto huizeesha haraka zaidi. Mwaka 2012 wenye Leaf wa jimbo la Arizona, nchi kavu ya joto kule Marekani, walilalamika sana kwa jambo hilo. Joto la Januari la Morogoro mjini unalijua. Vipande vilivyopungua kwa uzee siyo mwito, na gari la mtumba likifika hapa hakuna kiwanda kitakachokulipa. Hiyo inapunguzwa kwenye bei wakati wa kununua, basi.

Kwa bodaboda za betri mambo yanaweza kuwa mepesi zaidi. Kampuni ya Ampersand, iliyoanzia Kigali na kufika Nairobi, haimwuzii dereva betri. Betri ni ya kampuni. Dereva anafika kituoni, anatoa iliyoisha, anapewa iliyojaa. Betri za namna hiyo zikiwa na kosa, ni juu ya kampuni kuziondoa. Dereva atapoteza siku zake za kazi, hilo ni kweli, lakini hatabaki na betri mbovu uvunguni mwa kitanda.

UKIKUTA GARI LAKO LIMEITWA

Tuseme umeshanunua, na sasa unaambiwa gari lako limeitwa na halijatengenezwa. Usilipeleke kwa fundi afungue betri. Soma mwito wenyewe, kwa maana kila mwito una masharti yake. Andika kwa wakala wa kampuni, andika FCC, weka nakala. Wakati unasubiri, fanya kama walivyofanya wenye Bolt. Usijaze mpaka pomoni, usiikaushe, usichaji mkiwa mmelala, egesha mbali na nyumba.

Mbali na nyumba ni wapi, kwa mtu wa Uluguru ambaye ua wake uko juu ya paa la jirani? Najua ni kazi. Hata hivyo gari lisikae chini ya dirisha la watoto, wala ubavuni mwa ghala la mahindi, wala chini ya paa la nyasi. Na umeme wa kuchajia usivutwe kwa waya mwembamba wa kuazima kutoka kwa jirani. Gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Gusa soketi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, zima.

Sharti la kutojaza pomoni lina faida nyingine milimani. Gari la umeme likiteremka, mota yake inazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri, na kazi hiyo inasaidia kupunguza mwendo. Ukichaji Nyandira mpaka 100 halafu ukateremka kwenda Mzumbe, betri haina nafasi ya kuupokea umeme huo. Mzigo wote unabaki kwa breki za kawaida, na mteremko ule si wa kuchezea breki.

Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kufundishwa ubaya wa moto wa gari. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka hapa mjini, likalipuka watu wakichota mafuta, na zaidi ya watu 100 walikufa. Moto wa betri ni wa namna nyingine. Haukumbii mafuta barabarani, lakini unajirudia. Unaweza kuzimika, mkashukuru, na baada ya saa kadhaa au siku kadhaa ukawaka tena, kwa sababu joto bado limo ndani ya seli. Moshi wake una sumu kali. Ukisikia mchirizo kama wa sufuria inayochemka chini ya gari, au ukaona moshi mweupe, toa watu, simameni mbali upande ule upepo unakotoka, pigeni 114, namba ya Zimamoto. Waambieni kwamba ni gari la betri. Ndoo mbili za maji hazitoshi. Wazimamoto wenyewe hutumia maji mengi sana kuipoza betri. Na gari lililoungua lisisogezwe karibu na nyumba usiku ule.

Wala betri iliyokufa isitupwe korongoni. Mito ya Uluguru inakwenda Ruvu, na maji ya Ruvu yananywewa Dar es Salaam.

KINOLE TENA

Turudi kwa mjomba. Alivaa miwani, akachukua kalamu.

"Nisomee namba. Polepole."

"Z. E. O."

"O ya ndizi ngapi? Herufi au sifuri?"

"Picha haionekani vizuri, mjomba."

"Basi mpigie huyo muuzaji. Akupigie picha ya kibati, karibu, na picha ya namba ya betri. Na kile kioo chenye vipande 12, gari likiwa limewashwa."

"Atasema nina maneno mengi."

"Mwache aseme. Na kwenye karatasi ya mauziano tutaandika namba zote mbili, tutaandika kwamba ikionekana betri iliitwa na haikutengenezwa, fedha zinarudi. Mimi nitatia sahihi. Zamani ningetia dole gumba."

Kijana akatoka nje kutafuta mtandao, maana pale kwa mjomba simu inashika chini ya mwembe tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chukua kadi ya pikipiki au ya gari lolote kijijini kwenu. Mmoja asome namba ya chasi kwa sauti, wengine waandike. Linganisheni. Ni wangapi wameandika O mahali pa sifuri?

2. Mtu ameandika namba kwenye ukurasa wa kampuni akajibiwa "gari halipo". Mwelezeni afanye nini.

3. Muuzaji anasema betri ilibadilishwa mwaka jana. Mtamwuliza maswali gani, na mtataka aandike nini?